Mkono wa Ermelinda

Redio ya jikoni inasema mswada umesomwa mara ya pili.
Nakoroga uji wa semolina usifanye mabonge,
maana Ermelinda huyatema mabonge
kisha analia kama aliyedhulumiwa.

Miaka saba niko Brescia, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Serikali hainijui.
Muuza dawa ananijua: anajua idadi ya nepi,
vidonge vya saa mbili na vya saa nne,
huniita "yule wa Ermelinda"
kana kwamba nimeandikwa kwenye hati ya nyumba
pamoja na kabati na saa ya ukutani.

Alhamisi mchana ni yangu.
Tunakutana nyuma ya kituo cha mabasi,
wanawake wa Kutaisi, wa Zestaponi, wa Rustavi,
pale basi dogo linapopakia vifurushi vya nyumbani:
sabuni, kahawa, viatu vya shule vya saizi ya kukisia.
Mguu wa mtoto haungoji bunge.

Tsiala, aliyekuwa mwalimu wa fizikia,
anatusomea kwa sauti ile ile ya darasani.
Kifungu cha nne, aya ya pili:
mwombaji alete saini ya mwajiri
*au* cheti cha daktari wa mgonjwa amtunzaye.
Hiyo ilikuwa wiki iliyopita.
Kamati imekaa usiku, imekunywa kahawa yake,
na leo pale palipokuwa na *au*
pana *na*.
Neno dogo limetoka, dogo jingine limeingia,
na Nanuli, ambaye mgonjwa wake alizikwa Februari,
akainuka kwenye benchi, akaenda kupima kifurushi chake.

Wasemao sheria ni msumeno wasubiri kwanza.
Huu bado uko kwa fundi, unanolewa,
na sisi mbao tumeombwa tujishikilie wenyewe
tusitikisike.

Corrado, mwanawe, huja Jumapili ya kwanza ya mwezi na bahasha.
Nilimwonyesha fomu. Akatazama dirisha.
"Nikitia mkono hapa," akasema, "nimekiri miaka saba."
Nikamwambia, nami pia.
Bahasha ikakaa mezani kati yetu
kama mgeni asiyejua aage vipi.
Si mtu mbaya. Aliniletea koti la mkewe,
la sufu, vifungo vyote vipo.

Kuna saa, kabla hakujapambazuka,
akili humrudia Ermelinda
kama umeme wa kwetu miaka ile ya tisini:
dakika kumi, haujasema unakuja wala unakwenda,
na kila mtu akimbilie pasi.
Juzi ulirudi. Akaketi, akaomba miwani.
Thelathini na mbili alikuwa karani wa kiwanda cha visu,
miaka thelathini na mbili ya ankara na stakabadhi.
Nikampa fomu. Akaisoma yote, hata maandishi madogo,
akasahihisha alama ya mkato ya serikali,
akatia mkono:
jina lake kamili, mkia wa herufi ya mwisho
umepinda kama kulabu ya kutundikia nyama.

Kisha, penye jina la mfanyakazi,
polepole, kwa hati safi,
akaandika *Teresa*.

Teresa ni dada yake. Alikufa kwa homa ya mapafu
wakati wa vita, akiwa na miaka tisa.
Ndilo jina analoniita mchana kutwa,
nami huitika. Nilishazoea kuitika.
Mimi ni Nazibrola. Halijaandikwa popote katika nyumba hii
isipokuwa ndani ya kola ya koti, kwa uzi.

Redio inasema kikao kimeahirishwa hadi Septemba.
Fomu nimeikunja, nimeiweka chini ya nepi,
mahali ambapo Corrado hafiki.
Tsiala alinipa mbili.
Ya pili ni tupu, iko juu ya meza ya kitandani,
kalamu pembeni, miwani juu yake.
Nalala na viatu.
Nangoja umeme urudi.