Kipandio cha Tatu

Umeuliza, Cirhuza, kama bado tupo.
Tupo. Chumba ni kilekile, juu ya duka la dawa, Nyawera.
Kipandio cha tatu bado kimevunjika:
mgeni hujikwaa, mwenyeji hukiruka.

Viti vimefika kumi na kimoja.
Cha kumi na mbili ni kreti ya bia,
hukalia aliyechelewa,
na mara nyingi ni mimi.

Mvua ya Aprili iliushusha ukuta wa Mama Mwangaza
hadi barabarani, waya wetu wa intaneti ukaenda nao.
Siku tisa tulizunguka Muhungu, simu juu,
kama watu waliopotelewa na mbuzi:
kwako umeshika? Kwako je?
Mushagalusa aliupata mtandao nyuma ya choo cha shule,
akakataa kusogea.
Tukampelekea bugali na sombe palepale.

Unamkumbuka yule bwana wa shirika
aliyekuja na bango refu kuliko chumba?
Tulilikunja mara mbili ili apige picha.
Akatuita mbegu, akatuita injini, akatuita kesho.
Akaenda zake.
Bango tumezibia dirisha,
na kusema haki, halivuji.

Basi tukafanya wafanyavyo mama zetu soko la Kadutu:
likelemba. Dola kumi kila mtu, kila mwezi,
chungu chote kwa mmoja.
Mama yake Nabintu ndiye aliyetupa kanuni:
wa kwanza asiwe mwenye maneno,
awe yule ambaye akitoroka, mnakujua kwao.

Wa kwanza alikuwa Nabintu.
Alinunua betri mbili, akamaliza ile programu
inayowaambia watu umeme umerudi mtaa gani.
Usiku wa kuizindua, giza,
Panzi hadi Nguba, giza,
na programu kimya.
Haikukosea: hapakuwa na la kusema.
Tulicheka hadi mlinzi akapanda kuuliza nani amekufa.

Leo wasusi wa Essence wanaitumia.
Mwenye mashine ya kusaga mihogo alinisimamisha njiani:
"Wewe si wa wale wa umeme?"
Nikasema, si wa umeme, baba, wa habari za umeme.
"Hapa kwetu," akasema, "ni kitu kimoja."

Zamu ya tatu ilikuwa yako.
Najua bei ya pasipoti. Najua bei ya basi hadi Nairobi.
Nabintu alitaka jina lako lifutwe ubaoni.
Mushagalusa akashika kitambaa,
akafuta vumbi kulizunguka,
akaliacha.
Pengo lako tulilichangia dola moja moja
hadi mzunguko ukaisha.

Sikuandikii uone haya.
Ni kwamba kuna wasichana watatu wa Bagira,
huja kwa miguu kila Jumamosi, viatu mkononi matope yakizidi.
Mdogo wao, Ansima, ana miaka kumi na mitano.
Aliuliza Cirhuza ni nani.
Chumba kikawa na shughuli ghafla,
kila mtu na kioo chake.
Nikamwambia: ni mwenzetu, zamu yake ilipita.
"Basi anadaiwa," akasema,
akarudi kurekebisha kosa
nililolilea mimi tangu Jumanne.

Anadaiwa. Sikuwa nimelifikiria hivyo.
Sisi tulikuwa tunasema *alituacha*,
na aliyekuacha hana njia ya kurudi.
Mwenye deni anayo.

Mwezi huu chungu ni changu.
Wote wanasema nitengeneze ngazi, mtu atavunjika mguu.
Nitanunua saruji, nitaweka taa,
nitafunga kamba ya kushikia.
Kile cha tatu nitakiacha kwanza.

Nataka jioni moja, nikiwa nimeinamia kazi,
nisikie nyayo zinapanda:
moja, mbili,
kisha kimya kifupi cha mtu anayeruka
bila kuambiwa.