Somo la Jumanne

Middlesbrough, chumba cha juu ya maktaba.
Hita ina kikohozi, biskuti ziko kwenye sahani ya karatasi,
wanawake saba tumekaa duara,
matumbo mbele kama waliopakata ndoo.
Nauli tunarudishiwa ndani ya bahasha.
Wengine, nami mmoja wao, bahasha ndiyo iliyotuleta.

Bi Doreen anamwaga kadi sakafuni.
Zulia lina upande wa kijani, upande mwekundu.
Soma, anasema, kisha weka panapostahili.
Kadi yangu: *Anataka kuona risiti.*
Nikaiweka kwenye kijani, bila kusita.
Hafidh ni mtu wa hesabu, nikasema,
kwetu mume asiyeuliza ni mume asiyejali.

Hakuna aliyenisahihisha.
Tirhas akatazama kiatu chake.
Demi-Leigh, miaka kumi na saba, kucha zimeliwa hadi nyama,
akaliambia dirisha:
"Wangu alianzia hapohapo, kwenye risiti."
Kadi haikuondoka kwenye kijani.
Ila ilianza kunitazama.

Nilikuwa na somo wangu, Tanga, kabla ya harusi.
Bi Mwanahamisi, mikono ya liwa, ulimi wa wembe.
Siku saba ndani: kukanda, kufukiza,
kunyamaza kwa mpangilio.
Usiku wa mwisho akapunguza taa,
akanishonea noti mbili kwenye pindo la kanga.
"Hii asiijue mtu. Hata mimi nimeshaisahau."
Miaka mitano nilidhani ni mzaha wa kizee.
Noti bado zimo. Hapa hazinunui hata kiberiti.

Anzeni na "mimi", anasema Bi Doreen.
Mimi nahisi. Mimi nahitaji.
Nikajaribu kwa Kiswahili, kimoyomoyo, nikakwama.
Kwetu "mimi" humezwa, hubaki "ni", punje tu,
imebanwa mwanzoni mwa kitenzi kama mtoto mlangoni.
Na kule nyuma kuna "w" ndogo inayonisubiri:
niliolewa, nililetwa, niliambiwa,
naulizwa, nahesabiwa.
Yeye alioa. Mimi niliolewa.
Ungedhani herufi haina uzito.
Sikumwambia Bi Doreen. Angeiandika ubaoni.

Mvua ya ubavu. Demi-Leigh akanisindikiza hadi kituoni,
akaniachia mwavuli uliovunjika mbavu mbili,
akaondoka mbio, kofia ya jaketi usoni.
Nilinunua andazi la jamu.
Nikalila lote nimesimama, sukari ikinata kwenye ushungi,
na mtoto akapiga teke.
La kuafiki, au la sukari, sijui.

Nyumbani Hafidh akanyoosha kiganja bila ubaya,
kama mtu anyooshavyo kupokea chumvi.
Niseme kweli: hajawahi kuninyanyulia mkono.
Kliniki alilia alipouona moyo ukidunda kwenye skrini.
Kadi ya benki iko kwenye pochi yake.
Yote haya ni ya mtu mmoja.
Nikampa risiti ya maziwa, ya ndizi, ya sabuni.
Nikasema: "Nimekula andazi. La jamu.
Risiti yake nimeitupa."
"Ni" ya kwanza ilitoka ikichechemea. Ya pili ilitembea.

Aliitazama ile karatasi muda mrefu.
Mita ya gesi ilikuwa ikihesabu, nayo.
"Ungeniambia," akasema.
"Ndiyo nakwambia."
Akaenda kuchemsha maji. Kikombe kimoja au viwili,
nilisikiliza, sikuweza kujua.

Sijui hiyo niiweke kijani au nyekundu.
Wiki ya thelathini na nne. Mkunga ameandika tarehe.
Kujifungua, ndivyo lugha yangu isemavyo,
na nimelipekua neno zima, "w" haimo:
ni fundo, na mikono yangu mwenyewe.

Jumanne sharti nirudi.
Nina mwavuli wa Demi-Leigh.