Saini ya Saa Nne

Saa moja na nusu asubuhi Mwalimu Beldina Adero
hana vidole.
Anavyo, lakini havijaamka,
vimelala mapajani kama chane ya ndizi mbichi.
Ameteremka kutoka Nyahera nyuma ya pikipiki ya mpwa wake,
akimshikilia kwa viwiko.

Nampa fomu ya ridhaa, kurasa sita,
na kidau cha wino wa zambarau
kwa wasioweza kutia saini.
Anakitazama kidau kama mtoto aliyechelewa darasani.
"Miaka thelathini na mmoja nimefundisha watu kuandika majina yao.
Leo nitie dole? Nitangoja."
"Ungoje nini, Mwalimu?"
"Saa nne."

Tukangoja.
Jua la Kisumu likapanda juu ya bati la stoo,
likafika kwenye benchi,
likamshika mkono wa kushoto, kisha wa kulia.
Saa nne na dakika saba akaomba kalamu.
B yake ilikuwa na matumbo mawili yaliyoshiba.
Ni r tu iliyotetemeka.
Ndipo nikafunga mpira juu ya kiwiko, nikatafuta mshipa.

Mirija minne.
Kinachomla nakijua kwa namba na kwa rangi.
Wahenga walikisema bila darubini,
kikulacho ki nguoni mwako,
ila hiki hata nguoni hakimo. Kimezaliwa ubohoni,
ndugu wa zile seli zilizomvusha malaria mara tisa.
Namweleza: kingamwili zako, Mwalimu,
kila asubuhi zinaita majina.
Goti linaitika "nipo",
gegedu la kidole linaitika "nipo",
nazo zinasema hawa hawamo kwenye rejista.
"Kumbe ni mwalimu wa zamu," anasema,
"anayechapa darasa lake mwenyewe."
Ndiyo.
Na dawa za zamani huwalaza walimu wote,
mwizi akija hakuna wa kupiga kengele.
Hii tunayoijaribu inamtafuta huyo mmoja
imfundishe kusoma upya.
Anacheka hadi bega linamuuma.
"Mwalimu hafundishiki. Niulize mimi."

Sikumwambia habari za panya.
Kumi na wanane kati ya ishirini walirudi kukimbiza gurudumu.
Lakini panya hasongi ugali,
hafungi vifungo vya blauzi,
hajui aibu ya kuomba jirani amfungulie chupa ya dawa.

Na nusu ya wagonjwa wetu wanadungwa maji ya chumvi.
Nani dawa, nani chumvi, mimi sijui, daktari hajui.
Bahasha imo kwenye kabati la chuma
na ufunguo uko Nairobi.

Kila mwezi fomu inauliza:
viungo vingapi vimevimba,
maumivu ni mangapi, sifuri hadi kumi.
Haiulizi ni saa ngapi jina lilipoandikika.
Hiyo naiweka mimi, kwa penseli,
nyuma ya daftari langu la deni la maziwa.
Februari, saa nne na dakika saba.
Machi, saa nne kasorobo.
Aprili mvua ilinyesha siku kumi mfululizo: saa tano na nusu,
na r ikaanguka kabisa, nikaiona iko chini ya mstari.
Nilikwenda nyumbani bila kununua maziwa.
Mei, saa tatu na nusu.

Juni alikuja kabla sijavaa koti.
Akaichukua kalamu akiwa amesimama.
Huenda ni dawa.
Huenda ni chumvi, na kiangazi, na ubishi wa mtu
aliyezoea kungoja darasa zima linyamaze.
Sikumwuliza. Nilifungua daftari niandike,
naye akachungulia begani kwangu,
akasoma jina lake katikati ya madeni,
akashuka na mistari mpaka mwanzo.
"Saba yako inafanana na moja.
Mtafiti gani wewe?"
Akaninyang'anya penseli kwa vidole viwili,
akaifunga saba yangu mkanda kiunoni,
mstari mfupi, ulionyooka.

Ilikuwa saa mbili na dakika tano.