Nyuma ya Bahasha

Safu ishirini na tisa. Nilizichora mwenyewe,
nikazipenda
kama mpishi apendavyo mchuzi ambao bado hajamwonjesha mtu.
Mashine ya kufulia huku, mashine ya kufulia kule,
katikati mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele.

Bi Genowefa alikuja kuijaribu Jumanne,
theluji mabegani mwa koti,
akakataa chai, akakubali kiti.
Miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye mitambo ya kufuma hapa Łódź,
hadi kiwanda kikafungwa, kikageuzwa maduka,
na masikio yake yakabaki humo ndani.
Nikampa simu, nikapaza sauti:
"Chagua moja. Hakuna jibu baya."
Ndivyo tunavyosema. Huwa tunadanganya.

Akafungua ya kwanza. Akasoma. Akarudi.
Akafungua ya pili. Akasoma. Akarudi.
Akafungua ya kwanza tena,
maana alipofika kwenye bei ya pili
uzito wa ile ya kwanza ulikuwa umeshamtoka.
Kumbe mshika mbili haponyokwi mkononi tu,
hata kichwani.
Na kitufe changu cha "Linganisha"
kilikuwa palepale, kona ya juu, kimepauka,
mahali ambapo kidole gumba hakifiki
bila kuiangusha simu.
Sikusema kitu. Niliandika: dakika ya nne.

Nikamwonyesha. Jedwali likafunguka
nusu yake ikiwa nje ya kioo,
na alipolisukuma
majina yakakimbia, zikabaki tarakimu,
yatima, kila moja ikiuliza: mimi ni wa nani?
"Mizunguko elfu moja na mia nne," akasoma.
"Na hii nayo elfu moja na mia nne.
Umeniandikia mara mbili ili iweje?"

Desibeli sabini na mbili. Desibeli sabini na saba.
Hapo akainua uso.
"Hii ni kelele ya nini? Ya mvua? Ya mume?"
Ofisi nzima, watu kumi na wanne wenye digrii,
hapakuwa na jibu.

"Mimi sisikii, hata ingurume kama trekta.
Ila chini yangu kuna mtoto wa miezi minne,
na mama yake hufanya kazi usiku."

Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya bili ya gesi,
akaigeuza,
akachora mstari mmoja, juu hadi chini,
ulionyooka kama uzi wa mtande.
Kushoto: rahisi. Kulia: kimya.
Itapita mlangoni? Zote. Akaikata hiyo.
Nani ataipandisha ghorofa ya tatu?
Alama ya kuuliza.
Akailaza mezani, akapapasa upande huu na upande huu
kwa vidole viwili,
kama mtu anayejua nguo anavyopima nguo.

Hakuchagua. "Kwanza nimuulize yule mama
analala saa ngapi."

Usiku ule nilifuta na kukunja.
Yanayofanana nikayaficha chini, atakaye atayafunua.
Majina nikayapigilia juu, yasikimbie tena.
Kitufe nikakishusha hadi kwenye gumba.
Na pale penye desibeli nikaandika:
*hii jirani ataisikia; hii, akitega sikio.*

Ijumaa Ziemowit, bosi, akapitia, akasifu,
akaomba kitu kimoja kidogo tu:
utepe wa dhahabu, "Chaguo Bora",
juu ya ile ambayo kiwanda chake kimetulipa.
Tulibishana hadi saa mbili usiku.
Utepe upo. Siwezi kukuficha.
Ila umeandikwa "Tangazo",
na herufi zake, nilizipigania, si ndogo.

Bahasha aliisahau. Au aliiacha.
Nimeibandika pembeni ya kioo changu,
bili ikitazama ukuta.
Nikitaka kuongeza safu, naitazama kwanza
ile alama ya kuuliza,
bado iko ghorofa ya tatu,
bado sijajua niiweke wapi.