Mapande Mia

Nilikuwa mshika mnyororo, si mfungwa,
ingawa wapo Kibosho wanaosema ni mamoja.
Mapande mia ya chuma, mita ishirini kamili,
ncha moja mkononi mwangu, ncha ya pili kwa Kinabo,
na katikati majani yamelala, hayana la kusema.

Bwana mpimaji alikuwa na darubini ya miguu mitatu
na kikohozi. Hakuwa mtu mbaya.
Nilipougua alinipa kwinini.
Alinifundisha maneno yake matatu: vuta, kaza, simama,
na kila nilipokaza alichora mstari mwembamba
kama unywele ulioangukia karatasi.

Asubuhi ile tulishuka hadi chini ya mfongo wa ukoo wetu.
Mkalimani akasoma: hapa pana pori tupu,
na ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Kaizari.
Kaizari ameifungua, wanaotaka kulima na waje.
Imefunguliwa! Nikatazama huku na huku, mlango u wapi?
Niliona mabua ya ulezi wa mwaka juzi,
mafiga matatu meusi kwa moshi,
na kata ya mama, imepasuka, imesahauliwa tutani.
Shamba lilikuwa limepumzika tu.
Kwetu ardhi nayo hulala,
na aliyelala hatumwandiki marehemu.

Ningesema. Mdomo ulikuwa wangu.
Lakini kodi ya nyumba ilikuwa rupia tatu
na rupia zangu zilikuwa mfukoni mwa mwenye kikohozi.
Kaza, akasema.
Nikakaza.
Tukapigilia chuma palepale penye jiko,
figa moja likapasuka. Kinabo akacheka,
kisha akaacha.

Jioni nilikata isale mpakani mwa kihamba,
nikalifunga fundo, nikamshikia mama kwa mikono miwili.
Mwenye kuletewa isale hakatai;
hata damu imewahi kusamehewa kwa jani hili.
Mama alikuwa anamenya ndizi. Kisu hakikusimama.
"Mimi hukunikosea," akasema. "Lipelekee shamba."

Nikashuka usiku, nikasimama pale kama mjinga,
jani mkononi, maana udongo hauna mikono ya kupokea.
Mwisho nikalichomeka kando ya chuma.
Likashika. Isale halichagui.

Basi akaja Mdachi na mkewe na masanduku kumi na mawili,
akapanda kahawa kwa mistari iliyonyooka kuliko mvua.
Ikaja vita. Kaizari akaondoka na taji lake,
Mfalme wa Waingereza akaja na lake,
ardhi ikavuliwa kofia moja, ikavishwa nyingine,
bila mtu kupima kichwa.
Mnada ulifanyika Moshi mjini, si mbali na stesheni.
Nilisimama nje ya kamba, nikasikia bei
ya jiko la mama yangu,
na ya maji ya mfongo alioufukua babu kwa mti uliochongwa.
Mgiriki akainua kidole. Ikaisha.

Sasa ni msimu, nami nachuma humo, debe kwa senti kumi.
Mama anapikia mbege ulezi wa kununua sokoni
na kulalamika kwamba hauna ladha.
Nimeonja. Ladha ni ileile. Nanyamaza.
Msimamizi huniuliza kwa nini, nikifika mstari wa nane,
nazunguka mbali badala ya kukatiza.
Namwambia pana siafu.
Kila mwaka wanalifyeka lile isale,
na kila mwaka lanifika kiunoni.

Nami nikitembea popote, sokoni, kanisani,
hata nyuma ya jeneza la Kinabo juzi,
miguu inahesabu yenyewe: mapande mia, ncha.
Mapande mia, ncha.
Yule bwana alinifundisha kusema simama.
Miguu hainisikii.