Nimelipa Ili Nikimbie

Elfu thelathini na tano, nililipa kwa simu.
Nikapewa fulana, namba 0618 na pini nne.
Mama alizihesabu zile pini.
"Umelipa," akasema, "ili ukimbie?
Na nani anakufukuza?"

Dodoma, Julai, saa kumi na mbili alfajiri.
Upepo unachonga masikio,
vumbi limeamka kabla yetu.
Tumejazana Jamatini kama mbuzi wa mnadani,
kila mmoja na namba yake kifuani,
kila mmoja akijifanya hana haja ya choo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, darasa la tano, Miyuji.
Miaka kumi na tisa nimeandika ubaoni
haraka haraka haina baraka,
nimesahihisha, nimetia vema kwa wino mwekundu.
Filimbi ilipolia nikatoka mbio kama mwizi wa kuku.
Kilomita ya nne methali ikanirudia,
si kwa chaki, kwa kichomi:
ikajiandika chini ya mbavu kwa herufi kubwa.

Wakaanza kunipita.
Akanipita askari magereza, anaimba.
Akanipita mzee mwenye raba moja nyeusi, moja ya bluu.
Akanipita baba anayesukuma kigari,
na mtoto ndani yake amelala fofofo.
Akanipita Nyemo, siku hizi ana bodaboda,
Nyemo niliyemchapa mwaka ule kwa kuchelewa.
Akapunguza mwendo.
"Shikamoo, Mwalimu Chilewa. Usinifuate mimi.
Fuata pumzi yako."
Nikamjibu marahaba nusu.
Nusu nyingine ilibaki kifuani.

Kile kilima cha kupandia Chuo Kikuu
ukiwa kwenye gari hakipo.
Kwa miguu kipo.

Kilomita ya kumi na nne, msichana wa skauti
akaninyooshea kikombe cha maji.
Nusu nikanywa, nusu ikanimwagikia kidevuni,
na ubaridi ule ukanirudisha Mvumi,
miaka saba, ndoo ya lita kumi kichwani,
maji tuliyoyafukua kwenye mchanga wa korongo,
na sauti ya mama nyuma yangu gizani:
Usitazame mbali. Nyumba haisogei kwa kutazamwa.
Legeza mabega.
Hatua fupi.
Ukiwa na hasira, maji yanajua.

Basi nikajitwika ndoo isiyokuwepo.
Shingo ikanyooka yenyewe, inakumbuka.
Nikaacha kuwahesabu walionipita,
nikaacha hata kuitazama saa,
nikawa nachunga tu yasimwagike.

Sisemi nilipaa.
Kilomita ya kumi na nane nilitembea,
na ya kumi na tisa nikalia kidogo, bila sababu maalumu.
Mapaja yaliungua, kwa kuwa hakuna aliyenidokeza
habari ya mafuta ya mgando.
Ukucha wa dole gumba la kushoto umeniaga.
Saa tatu kasoro dakika nane nilipofika
walikuwa wanakunja turubai,
na aliyenivisha medali
mkono mmoja alikuwa ameshika chapati.

Nyumbani mama aliipima medali kiganjani
kama anayenunua nyama.
"Kilomita ngapi?"
"Ishirini na moja."
Akakunja vidole, akavikunjua, akavikunja tena.
"Kwenda korongoni na kurudi. Kisha kwenda tena na kurudi tena.
Zinabaki kama tatu, za kumtafuta mbuzi."
Akanitazama kuanzia nywele hadi raba.
"Na umerudi bila maji."

Nikacheka hadi kichomi kikarudi.
Yeye hakucheka.
Alitwaa beseni, akaenda bombani pale uani,
akachota, akatia chumvi,
akaniingiza miguu mmoja mmoja.
Kutoka bombani hadi kwenye kiti changu ni hatua saba.
Alizitembea shingo wima, mabega yamelegea,
macho hayatazami mbali.
Halikumwagika hata tone.