Tuni ya Kienyeji

Ijumaa, saa nane mchana, Ruwi. Zamu yetu.
Watu wa Kerala ndio kwanza wanatoka,
chumba bado kina joto la pumzi zao
na asumini iliyodondoka kwenye nywele.
Wametuachia hata tuni, ingali ukutani:
ile ya Mjerumani, namba mia na kumi na mbili.
Wao wameiimba kwa Kimalayalam,
Wafilipino wa alfajiri kwa lugha yao,
na sasa sisi, walinzi, mayaya, manesi,
wapishi wa kambi za mafuta,
tunaidaka palepale
kama watu wanaopokezana ndoo.

Chini ya wimbo, kwa herufi za sisimizi,
Mjerumani ana kila kitu:
jina la kwanza, jina la pili, mji,
mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa.
Mwalimu Eliamani husema alikuwa mwoka mikate,
alizika watoto watatu ndani ya mwezi mmoja,
akakaa kwenye kinanda unga ungali viganjani.
Sijui kaitoa wapi habari hiyo. Namwamini.
Besi wanaposhuka kwenye ile noti ndefu
nasikia jeneza dogo likiteremshwa.

Halafu tunafungua mia mbili na saba.
Chini pameandikwa: *Tuni ya kienyeji.*
Basi.
Kama kuku.

Lakini mimi namjua aliyeitaga.
Nakunda, dada mkubwa wa baba, kule Usangi,
mwosha kahawa kwenye mfereji wa chama cha ushirika,
maji ya baridi hadi magotini, kanga ameifunga kibwebwe.
Alianzia *s*, akapanda *l*, akarudi *s*,
kisha *m*, kisha *r*,
akaikalia *d* kama mtu anayetua mzigo.
Hakujua kwamba hizo ni herufi.
Mwinjilisti alipita na daftari,
akasema imba tena, akaimba tena,
akasema imba polepole, akacheka, akaimba polepole,
akapewa kipande cha sabuni.
Nilikuwepo. Sabuni ilikuwa ya bluu.
Tuliifulia sare yangu ya shule.

Jumamosi, Al Khuwair, napiga pasi kanzu za wanaume,
nane, na kila moja lazima isimame yenyewe.
Kiyoyozi kinanguruma kwenye *d*, nami bila kujua
naivumisha juu yake.
Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja,
ambaye Kiswahili chake kinakiaibisha changu,
anainua macho kutoka kwenye tasbihi:
"Nani katunga hiyo?"
Hakuuliza ya dini gani. Hakusema nyamaza.
Namweleza habari za kitabu. Anaguna.
"Kienyeji ndo nani? Mtoto wa nani?
Kwetu mtunzi hujitaja beti ya mwisho
asije akadhulumiwa.
Mtilie kaditama yake, maskini."
Akanigongea mizani mezani kwa kidole chenye hina,
nane, pumzika, nane,
nami nikaandika nyuma ya risiti ya dobi,
pasi nimeisimamisha, inapoa:

*Tamati naweka jina, si kienyeji, Nakunda,*
*Kila anayeiona, ajue aliyeunda,*
*Maji ya mto yanena, kahawa ikienda,*
*Ruwi tumeimba jana, na sauti imepanda.*

Bi Zuwena kaisogeza risiti mbali, kisha karibu,
midomo ikihesabu.
"Mstari wa tatu umepungua silabi moja, huku mwishoni."
Nikahesabu. Kweli.
Nikashika kalamu, nikaiweka chini.
Shangazi naye, kila alipofika hapo,
alikuwa akiinama kuchota.